Ishirini Waliofia Karisimbi

Februari 1908, miezi michache tu tangu Richard Kandt aanzishe kituo kilichokuja kuwa mji wa Kigali, msafara wa Egon Kirschstein ulikuwa juu ya mlima Karisimbi. Kirschstein alikuwa mwanajiolojia katika safari ya kisayansi ya mwanamfalme wa Kijerumani, Adolf Friedrich wa Mecklenburg, na kazi yake ilikuwa kuzichunguza volkano za Virunga. Nyuma yake walitembea wapagazi, maana siku zile kila hema, kila sanduku la vyombo na kila gunia la chakula lilipanda mlima likiwa juu ya mtu.

Walikuwa katika kreta ya Branca, bonde lenye kinamasi kwenye bega la mlima, hali ya hewa ilipogeuka ghafla. Mvua ya mawe iliwashukia, na theluji pamoja nayo. Nguo za wapagazi, ambazo ziliwatosha huko chini kwenye joto, zililowa chapachapa. Wengi wakatupa mizigo, wakalala palepale kwenye tope na kujikabidhi kwa Mungu, ingawa msitu ambao ungewakinga haukuwa mbali. Watu wapatao 20 walikufa kwa baridi, karibu na mstari wa Ikweta, katika mwezi ambao Wanyarwanda wanauhesabu kuwa wa kiangazi kifupi.

Kreta ile inaitwa kwa jina la profesa wa Berlin, Wilhelm Branca. Jina la kiongozi wa msafara nalo tunalijua. Waliokufa hutajwa kwa idadi.

Nimekileta kisa hiki kwa sababu ya safari zinazopangwa hapa Kigali. Vijana hupanda Mlima Kigali kutokea Nyamirambo, wakashuka na jasho na furaha, na kabla chai haijapoa mmoja anasema: mwezi ujao twende Karisimbi. Ni wazo zuri. Nchi hii ina mlima wa mita 4,507, saa chache kutoka kituo cha mabasi cha Nyabugogo, na watoto wake wana haki ya kuujua kama wageni wanavyoujua. Lakini Mlima Kigali una mita 1,852. Kwa wastani, kila unapopanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi sita hivi, kwa hiyo siku ambayo Kigali ina nyuzi 20, kileleni ni karibu na kuganda, na bado hujahesabu upepo. Hewa nayo ni nyembamba: kila pumzi inakupa oksijeni zaidi kidogo tu ya nusu ya ile anayoipata mtu wa Mombasa. Kichwa kikianza kugonga, tumbo likichafuka na miguu ikiyumba, dawa ni kushuka. Kujikaza hakusaidii.

Na baridi ina hila yake. Masimulizi ya safari ile yaliona katika kulala kwa wapagazi tabia ya watu waliokwisha kukata tamaa. Mimi naona ugonjwa. Mwili ukilowa na kupigwa upepo hupoteza joto haraka kuliko unavyoweza kulitengeneza. Kwanza mtu hutetemeka. Kisha ulimi unakuwa mzito, vidole haviwezi kufunga kamba ya kiatu, akili inapungua, na mtu anatamani kuketi tu. Kutetemeka kukikoma wakati bado amelowa, wengine hudhani amepata nafuu, na hapo ndipo alipo karibu na kifo. Mtu wa namna hiyo hahitaji hotuba ya kumtia moyo. Mvue nguo zilizolowa, mfunike kwa vitu vikavu, mkinge na upepo, mpe kinywaji cha moto chenye sukari kama bado anameza vizuri, na usimpe pombe hata tone.

Kosa la 1908 lilifanyika kabla ya safari kuanza. Mpango ulitazama volkano na vipimo vyake. Haukumtazama mtu wa nyuma kabisa na nguo aliyovaa. Sisi tunalirudia tunapochanga nauli na pesa za kibali, tukakubaliana saa ya kuondoka, halafu tusiulizane nani ana koti la mvua. Katika kundi la watu wanane, sita wakiwa na vifaa kamili na wawili wakiwa na fulana za pamba na raba, hilo ni kundi lisilo na vifaa. Pamba ikilowa hukaa na maji mwilini. Sufu iliyolowa bado hutia joto kidogo.

Karisimbi hupandwa kwa siku mbili, pamoja na mwongozaji wa hifadhi, ambaye ni lazima. Mnaripoti Kinigi, kwenye ofisi za hifadhi, asubuhi na mapema, mnapita tope na majani yanayowasha, mnalala kambini kwenye mita 3,700 hivi, kisha alfajiri mnaelekea kileleni. Usiku ule wa kambini ndio unaomhukumu aliyekuja na blanketi jepesi. Aliyezoea Kigali tu afadhali aanze na Bisoke, mita 3,711, kwa siku moja, aone kwanza kifua chake kinasemaje. Wekeni pia saa ya kugeuka, na ikifika mgeuke hata kama kilele kinaonekana. Mwongozaji akisema tushuke, hakuna kura ya kupigwa. Kiangazi kirefu, kuanzia Juni hadi Agosti, ni majira bora, lakini hakikuondolei mzigo wa koti.

Wapagazi wapo hata leo, wengi wao wakiwa vijana wa vijiji vya Kinigi, na hapa ndipo naomba usikilize moyo wako. Utakapomkabidhi mwenzako begi lako, mtazame miguuni na mgongoni kabla hamjaondoka. Muulize usiku atalala wapi na atajifunika nini. Akiwa hana koti la mvua, mpe la akiba ulilotoka nalo Kigali kwa ajili yake.