Je, Mkalimani Ana Haki ya Kuficha?

Swali langu ni dogo, lakini limenikaa kichwani tangu mwaka juzi. Mtu akisimulia maisha yake ili yaandikwe kitabuni, nawe ndiye mkalimani, una haki ya kumfichia aibu ambayo yeye mwenyewe haioni?

Ilikuwa hapa Juba, mtaa wa Gudele, chini ya mwarobaini wa shangazi yangu. Mtafiti kutoka Ulaya alikuwa akikusanya habari za watu wa kusini waliokimbilia Khartoum wakati wa vita vya 1983 hadi 2005. Shangazi aliishi Haj Yusuf, pembezoni mwa jiji hilo, miaka kumi na minane, akarudi 2011 kwa tishari la mtoni kutoka Kosti. Yeye huongea Kiarabu cha Juba, mgeni aliongea Kiingereza, na mimi niliyesomea Kakuma, Kenya, nilikaa katikati.

Alipoulizwa aliwasomeshaje watoto, alijibu kwa kirefu. Alipika marisa, pombe ya mtama. Tangu sheria za Septemba 1983 kupika pombe kulikuwa kosa huko, na wanawake wengi wa kusini walifungwa kwa sababu hiyo katika gereza la wanawake la Omdurman. Yeye alifungwa mara mbili, mara ya pili akiwa na mtoto mgongoni. Alisimulia huku akicheka, akionyesha kwa mikono ukubwa wa pipa ambalo polisi walilimwaga. Nami nikamwambia mtafiti, "Alikuwa na biashara ndogo ndogo."

Shangazi akanitazama. Kiingereza hakijui, lakini aliona jinsi maneno yake mengi yalivyotoka kinywani mwangu yakiwa machache mno.

Nilijitetea moyoni. Ni kiongozi wa akina mama kanisani. Marehemu mume wake alikuwa mwalimu. Tena kitabu chenyewe kitauzwa ng'ambo kwa bei ya mbuzi, nani wa Gudele atakisoma? Lakini kama hakuna atakayekisoma, nilikuwa namlinda dhidi ya nani? Ukweli ni kwamba karo yangu ya shule nayo ilitoka kwenye pipa lile, na sikutaka mgeni ajue.

Katika The Nuer, kitabu cha Evans-Pritchard kilichotoka 1940, mwandishi anakiri kwamba utafiti wake uliombwa, na kwa sehemu kubwa ukagharamiwa, na serikali ya kikoloni. Anakiri pia kwamba mwanzoni hakuwa na mkalimani, kisha anasimulia jinsi mtu mmoja, Cuol, alivyomzungusha alipoulizwa tu jina na ukoo wake. Nampenda sana Cuol. Alijua anayeuliza ametoka wapi, akaficha habari zake mwenyewe, na hiyo ilikuwa haki yake. Mimi nilificha za mwingine, ambaye alikuwa ameshaamua kuzitoa.

Vitabu vya siku hizi ni vya namna nyingine. Cherry Leonardi, katika kitabu chake cha 2013 kuhusu machifu, alisikiliza watu wa Juba, Yei na Rumbek. Nicki Kindersley, katika New Sudans, anawaandika wakimbizi wa Khartoum kama watu wenye fikra, waliotunga nyimbo na mashairi na kubishana juu ya nchi wanayoitaka. Nilipokisoma niliona haya. Mwanamke aliyepanga kila usiku jinsi ya kuwashinda polisi na bado watoto wakaenda shule, mimi nimemfanya mchuuzi wa karanga!

Mwenzangu darasani husema msomi hodari atagundua palipofichwa. Labda. Ila atagundua kwa njia gani, ikiwa daftari lake limeandikwa "biashara ndogo ndogo" na aliyeziba ndiye aliyeaminiwa kufungua?

Mwezi uliopita nilimwandikia mtafiti nikamweleza. Alijibu upesi kwamba kitabu hakijaenda mtamboni na sehemu hiyo inaweza kurekebishwa, lakini anataka ridhaa ya mama mwenyewe, na maneno yake kama anavyoyasema.

Kwa hiyo Jumamosi naenda Gudele. Kabla ya kuomba ridhaa itabidi nimwambie Shangazi nilichosema siku ile. Nimeshanunua sukari kilo mbili za kumpelekea, na bado sijajua nianzie wapi.