Hatia ya Usiku

Mtu akifuga mtoto wa paka na sungura katika nyumba moja, mchana aghalabu hupita kwa salama. Ghasia huanza jua likichwa na hurejea alfajiri, kwa kuwa wanyama hawa wote wawili huchangamka magharibi na mapambazuko, saa ambazo mwenye nyumba amechoka au amelala. Paka hunyatia, huruka, hushika shingo. Sungura hupiga chini mguu wa nyuma, hukimbia, hujigonga ukutani. Asubuhi mwenye nyumba huokota manyoya sakafuni akauliza: nani mwenye hatia?

Swali hilo halina jawabu kwa wanyama. Hatia hutaka nia, na nia hutaka akili ya kupima jema na baya. Mchezo wa mtoto wa paka ni chuo cha kuwinda. Arukiavyo uzi mchana ndivyo arukiavyo sungura usiku. Sungura naye si mkaidi. Macho yake yamewekwa kando za kichwa apate kumwona adui karibu pande zote, na mwili wake umeumbwa kwa kukimbia. Lililo mchezo kwa mmoja ni mauti kwa mwenziwe. Jeraha dogo la jino la paka laweza kutia vijidudu mwilini. Na sungura aliyetishwa sana aweza kuvunjika uti wa mgongo kwa nguvu ya teke lake mwenyewe, au kufa kwa hofu. Hatia hutaka akili, maumivu hayataki. Jeremy Bentham wa Uingereza alilisema jambo hili katika kitabu kilichotoka mwaka 1789: kwamba lipasalo kuulizwa juu ya mnyama si kama aweza kufikiri au kunena, bali kama aweza kuumia.

Wako wasemao kuwa waachwe wazoeane, maumbile yatawafunza. Teke moja la sungura litamtia paka adabu. Lakini maumbile hayakuwaweka chini ya dari moja. Sungura wa kufugwa si yule mjanja wa ngano za Kiafrika, ambaye ni mnyama wa jamii nyingine. Asili yake ni nchi za Hispania na Ureno, ambako ardhi ilimpa shimo la kukimbilia. Nyumbani hana shimo, na mlango umefungwa kwa mkono wa mtu. Aliyefunga mlango hawezi kuyaachia maumbile kesi hii.

Basi watenganishwe usiku. Lakini hapa pana mtihani mwingine: nani afungwe? Wengi humfungia sungura katika kizimba chembamba, kwa kuwa ni mnyonge asiyepiga kelele, wakamwacha paka huru. Naye hukaa juu ya kizimba usiku kucha. Wavu huzuia jino, hauzuii hofu. Amani ya namna hii humtia kifungoni mwenye kuonewa ili mwenye nguvu asisumbuliwe, na wanadamu wameizoea mno hata baina yao wenyewe. Haki ni paka alale chumba kingine, baada ya kuchezeshwa hata achoke na kulishwa hata ashibe, akiwa na maji na sanduku la mchanga; na sungura abaki na nafasi ya kuruka na mahali pa kujificha.

Wala kufunga si adhabu, maana hakuna aliyekosa. Ila ni deni. Mapokeo ya Kiislamu yamtaja mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfunga, asimlishe wala asimwache ajitafutie riziki. Aliyemnyima kiumbe njia yake amejitwika mahitaji yake. Kwa hiyo manyoya yaliyookotwa asubuhi hayamshitaki paka wala sungura. Yamshitaki aliyewataka wote wawili kwa furaha yake ya mchana, asiwawekee zamu ya usiku.