Mkataba wa Ramsar na ahadi ya Muislamu

Ndugu zangu katika imani, ipo hoja inayorudiwa sana katika mazungumzo yetu: mikataba ya mazingira ni mambo ya Wazungu, Muislamu haimhusu. Tuipime hapa hapa Uganda.

Mkataba wa kulinda maeneo oevu ulitiwa saini Ramsar, Iran, mwaka 1971. Uganda ilijiunga 1988, na eneo lake la kwanza kuorodheshwa lilikuwa Ziwa George. Kisha Katiba ya 1995, ibara ya 237, ikaifanya serikali mdhamini wa maziwa, mito na maeneo oevu kwa niaba ya raia. Sheria ya nyumbani waziri anaweza kuilegeza kimyakimya. Eneo lililoorodheshwa likiharibiwa, nchi inawajibika kutoa taarifa kwa wenzake. Sheria imepata shahidi wa nje.

Lakini saini ya serikali inanibana mimi vipi? Aya ya kwanza ya Suratul Maida inawaamuru waumini kutimiza mikataba. Na kama tatizo ni kwamba mkataba haukuandikwa na Waislamu, tukumbuke Hilful Fudhul. Ulifungwa Makka kabla ya Utume, na Mtume (s.a.w.) alisema kwamba hata katika Uislamu angeitwa kwa huo angeitika. Hudaybiya alimrudisha Abu Jandal akiwa na minyororo yake, kwa sababu ya ahadi tu. Sisi tunaombwa tusimwage kifusi kwenye mafunjo! Mafunjo ya Nakivubo hayamo kwenye orodha, lakini mkataba unataka maeneo oevu yote yatumiwe kwa busara, na hayo ndiyo yanayochuja maji machafu ya Kampala kabla hayajafika ziwani, tunakochota maji ya kunywa na kutawadhia.

Hoja nzito zaidi ni nyingine. Mkulima wa magimbi anafukuzwa, mwenye kiwanda anabaki. Hiyo ni dhulma, na haikuletwa na mkataba. Imeletwa na wanaouchagulia watu wa kuwabana. Hilful Fudhul wenyewe ulifungwa kwa ajili ya mfanyabiashara mgeni kutoka Yemen aliyedhulumiwa mali yake na mkubwa wa Makka. Walianza na mkubwa.

Ibara ya 50 ya Katiba inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea haki za wengine. Jumuiya yetu ina wanafunzi wa sheria wa kutosha kuanza kuliandaa shauri la namna hiyo.