Hesabu ya Wasiovuka

Mji unaotaka msaada wa kutengeneza njia zake hutakiwa kwanza kueleza msiba wake. Ndiyo desturi ya ruzuku: mwenye mfuko hutaka ushahidi wa haja, na katika mambo ya barabara hapana ushahidi mzito kuliko maiti. Jambo hili huonekana kuwa la makarani na mahesabu, wala si la mwanafalsafa. Hata hivyo ndani yake limo swali kongwe la haki: nani ahesabiwe miongoni mwa waliodhulumiwa, na nani apitwe na hesabu kwa sababu dhuluma aliyotendewa haikutoa damu?

Mfano ulio wazi hupatikana Marekani. Sheria ya miundombinu iliyotiwa sahihi mwezi wa Novemba 2021 ilitenga dola bilioni 5 kwa muda wa miaka mitano, tangu 2022 hadi 2026, ili miji, wilaya na makabila ya wenyeji wa asili yapate kuomba fedha za kuzuia vifo vya barabarani. Ruzuku hizo ni za namna mbili. Ya kwanza ni ya kutunga mpango, pamoja na kufanya majaribio madogo; ya pili ni ya kujenga. Asiye na mpango hawezi kupata fedha za kujenga. Serikali kuu hulipa hadi sehemu 80 katika 100 ya gharama, na mwombaji hujitafutia 20 zinazosalia. Mwaka wa kwanza, mji ulioomba fedha za mpango ulitakiwa kutaja idadi ya watu waliokufa katika barabara zake tangu 2016 hadi 2020, na kuipima idadi hiyo kwa wingi wa wakazi.

Si insafu kuicheka desturi hii. Mwaka 2022 watu zaidi ya 42,000 walikufa katika barabara za nchi ile, na miongoni mwao zaidi ya 7,500 walikuwa wakienda kwa miguu. Fedha, hata zikiwa mabilioni, hazitoshi kila mahali kwa wakati mmoja. Tabibu aliyezungukwa na wagonjwa humwendea kwanza yule anayevuja damu, na hapana anayemlaumu. Kugawa sawasawa bila kutazama haja ni uvivu uliovaa kanzu ya haki. Basi hesabu ya wafu ina heshima yake: humnyima mwenye sauti kubwa nafasi ya kumtangulia mwenye jeraha kubwa.

Lakini kila hesabu ina mlango, na si kila aliyeumia huweza kupita mlangoni. Katika daftari la taifa la vifo vya barabarani, ambalo Marekani imeliandika tangu 1975, huingia mtu aliyekufa katika ajali ya chombo cha moto kilichokuwa kikienda katika njia ya umma, akafa kabla ya siku 30 kupita. Anayekufa siku ya 40 hufa nje ya daftari. Ajuza aliyejikwaa katika bamba lililong'oka la njia ya miguu akavunjika nyonga hayumo, hata kama jeraha lile litamfikisha kaburini, maana hapakuwa na motokaa. Mtu ambaye kiti chake cha magurudumu kilipinduka penye ukingo uliokosa mteremko naye hayumo. Mipaka hii haikuwekwa kwa hila. Hesabu isiyo na mipaka si hesabu, na 30 si namba mbaya kuliko 40. Kosa huanza pale msomaji wa daftari anaposahau kwamba ukuta ulioizunguka hesabu ulijengwa na watu, akadhani kwamba nje yake hapana kitu.

Nje yake wamo wengi. Ifikiriwe barabara pana yenye njia sita za motokaa, ikipita katikati ya mtaa wa kale. Upande mmoja zimo nyumba. Upande wa pili liko duka la dawa, zahanati na benchi chini ya mti. Taa huruhusu kuvuka kwa sekunde zinazomtosha kijana mwepesi wa mguu. Mama mwenye mkongojo alivuka hapo miaka mingi. Siku moja taa ilibadilika akiwa katikati, honi zikamlilia, akafika ng'ambo moyo ukimdunda. Baada ya siku ile hakuvuka tena. Dawa zake huletwa na mwanawe siku ya Jumapili, na benchi lake hukaliwa na wengine. Hakugongwa, hakuanguka, hakulazwa. Barabara imemshinda, na ushindi wake umeandikwa daftarini kuwa ni amani.

Hapa ndipo hesabu ya maiti inapojipinga yenyewe. Njia inayoogopwa na wote haiui mtu, kwa sababu hapana wa kuuawa. Mahali panapotisha kidogo, watu huthubutu, na wengine hufa. Mahali panapotisha kabisa, watu hukata tamaa, na daftari hubaki jeupe. Ikiwa kipimo cha hatari ni kifo peke yake, basi barabara iliyofanikiwa kuwafungia watu majumbani itaonekana salama kuliko ile wanayoendelea kuithubutu.

Yamkini atatokea mpinzani akasema kwamba mama yule amezeeka tu, na kwamba si haki kuitwika barabara lawama ya kila mlango uliofungwa na umri. Pingamizi hili lina nguvu na lastahili jibu la vitendo. Penye barabara kama ile na pajengwe kisiwa katikati, asimame apumue, na taa iongezewe sekunde chache. Akivuka, umri haukuwa na hatia. Asipovuka, mpinzani atakuwa amesema kweli, na gharama ya kujua itakuwa ndogo. Kinachokatazwa na busara ni kutoa hukumu juu ya miguu yake kabla ya kuitazama njia.

Wako waliokataa kungoja hukumu hiyo. Tarehe 12 Machi 1990 watu wenye ulemavu waliviacha viti vyao chini ya ngazi za Bunge la Marekani, wakazipanda kwa mikono na magoti. Sheria ya kuwalinda ilitiwa sahihi mwezi wa Julai mwaka uleule. Hata baada ya sheria, mji wa Sacramento katika jimbo la California ulishindana na wakazi wake mahakamani juu ya jambo ambalo mtoto angeliamua: kama njia ya miguu ni sehemu ya huduma ambazo mji huwapa watu. Mwaka 2002 mahakama ya rufani iliamua kwamba sheria inaihusu njia ya miguu. Kisha yakafanywa mapatano, mji ukakubali kutenga sehemu 20 katika 100 ya fedha zake za usafiri kila mwaka, kwa muda wa hadi miaka 30, ili kuzifanya njia hizo zipitike.

Tofauti ya madai yale na maombi ya ruzuku ni kubwa. Mwenye kudai haki haulizwi wangapi wamekufa; hata akiwa mmoja, na akiwa hai, shauri lake husikilizwa. Mwombaji wa ruzuku hushindana na waombaji wengine, na katika mashindano hayo huzuni yake huwekwa mizanini pamoja na huzuni ya jirani. Zaidi ya hayo, mji wenye mwandishi hodari huweza kuueleza msiba wake vizuri kuliko mji uliofiwa zaidi lakini hauna wa kuandika. Ruzuku haiondoi wajibu wa haki. Pengine huusaidia, pengine huuahirisha.

Wala bidii haina thawabu ya hakika katika mizani hiyo. Hoboken, mji wa watu kiasi cha 60,000 ukingoni mwa mto Hudson, ulifikia mwanzo wa 2024 ukiwa umekaa miaka saba bila kifo cha barabarani. Haukutumia miujiza. Uliziondoa motokaa zilizokuwa zikisimama karibu na pembe za njia panda, ili dereva na mwenda kwa miguu waonane, na mwaka 2022 ukapunguza mwendo unaoruhusiwa hadi maili 20 kwa saa, yaani kilomita 32. Mji kama huo, ukiulizwa maiti zake, hauna cha kuonyesha. Kumnyima kwa sababu hiyo ni kumnyima udongo mwenye kuziba ufa, kwa kuwa ukuta wake haujaanguka.

Watu wa vitendo huidharau ruzuku ya mpango. Husema kwamba karatasi haimvushi mtu. Wanakosea, kwa kuwa ndani ya mpango ndimo huamuliwa kitu gani kiitwe jeraha, na saruji ya baadaye hufuata uamuzi ule. Kweli, mpango hutakiwa kusikiliza wakazi. Lakini wakazi husikilizwa wapi? Mara nyingi katika ukumbi, saa za jioni, na pengine ukumbi wenyewe uko ng'ambo ya barabara ileile. Asiyeweza kuvuka hakuhudhuria, na katika kumbukumbu za mkutano kutokuwapo kwake husomwa kuwa ni ridhaa.

Dar es Salaam imetoa mfano wa kuhesabu kwa namna nyingine. Ulipofanywa mradi wa kujenga njia za miguu, matuta na vivuko karibu na shule za msingi, watafiti hawakutosheka na vitabu vya polisi; walikwenda nyumba kwa nyumba kuuliza ni mtoto gani aliumia. Matokeo yaliyochapishwa 2019 yalionyesha kwamba majeruhi yalipungua kwa kiasi cha 26 katika 100. Kupungua huko kusingalionekana sawasawa kama swali lisingalifika mlangoni kwa mzazi.

Karani wa mji wowote unaoandika maombi yake aweza kuanza kwa kidogo kuliko hicho: kiti, kalamu, na asubuhi mbili za Jumamosi penye njia panda inayolalamikiwa. Daftari lake lingekuwa na safu mbili. Katika ya kwanza angeandika waliovuka, na katika ya pili wale waliofika ukingoni, wakatazama kulia, wakatazama kushoto, wakageuka wakarudi walikotoka.