Kanisa Lililovaa Kuba

Tulikuwa tunatoka Mji wa Kale, mimi na mtoto wa dada yangu. Tukaipita Fort Jesus, tukakata Treasury Square, tukashika Barabara ya Nkrumah. Akasimama ghafla, kidole juu.

"Mjomba, huu msikiti wa nani?"

"Si msikiti. Ni kanisa."

"Sasa mbona limevaa kama msikiti?"

Nikacheka tu. Lakini swali halijanitoka.

Kanisa hilo la Ukumbusho, la Kianglikana, lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 20 na kuwekwa wakfu mwaka 1905, kumkumbuka Askofu James Hannington aliyeuawa Busoga mwaka 1885. Aliyelichora ni J. H. Sinclair, ofisa wa Kiingereza, yule yule aliyechora Beit el Amani kule Unguja. Alipenda kuba na matao ya Kiislamu.

Hispania wana ndugu yake wa zamani. Mjini Teruel kuna minara ya makanisa ya matofali na vigae vya rangi, ambayo ukiiona utasubiri adhana. Mnara wa San Martín ni wa 1315–1316. Mtindo huo unaitwa Mudejar, jina linalotokana na neno la Kiarabu la Waislamu walioachwa wabaki chini ya wafalme Wakristo. Nchi imechukuliwa, ufundi umebaki.

Mwanzo niliona jambo ni jepesi. Teruel, aliyeshindwa aliacha alama ya mkono wake. Mombasa, mtawala alichagua sura ya watawaliwa kama mtu anayechagua shati dukani. Kule ushahidi, huku kuazima. Nikajiweka upande wa mafundi, nikaridhika.

Kwa sababu mimi nami ni fundi wa nyumba za wengine. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo imenishinda. Tangu hapo naandika insha za wanafunzi wa ng'ambo. Mimi naandika, wao wanavaa joho. Nikiulizwa, najitetea: jina lao, ufundi wangu, kama wale wa Teruel.

Uongo huo. Mnara wa Teruel haumfichi mtu. Miaka mia saba imepita na bado ukiutazama unajua sanaa ile imetoka wapi. Hata kanisa letu, pamoja na dhambi zote za ukoloni, halikuficha kuwa limeazima. Mtoto wa miaka saba amelijua kwa jicho moja. Wazee husema nguo ya kuazima haisitiri matako. Kanisa lile halikuvaa ili lijisitiri.

Insha zangu ndizo zinazositiri. Mteja hanilipi kwa maneno tu, ananilipa nisionekane ndani yake. Na anayedanganywa si mimi niliyenyimwa jina, ni mwalimu atakayesahihisha. Kwa hiyo kuazima si kosa lenyewe, wala kufanya kazi chini ya jina la mwingine. Kosa ni kujenga kitu ambacho thamani yake yote ni kwamba mkono uliokijenga usijulikane.

Nina insha moja ya kupeleka Ijumaa. Imekwisha, imekaa kwenye kompyuta. Kodi ya nyumba ni tarehe tano, na hoja hii hailipi kodi, najua. Lakini ni siku ya tatu leo, na sijaituma.