Deni la Mtu wa Tatu

Tarehe 5 Septemba 1970, Waaustria wawili, Gert Judmaier na Oswald Oelz, walifika juu ya Batian, kilele kirefu kuliko vyote vya Mlima Kenya, mita 5,199. Walikuwa madaktari vijana kutoka Innsbruck, mji uliozungukwa na milima, na mwamba haukuwa mgeni kwao. Walipandia upande wa kaskazini, na kwa mwezi ule walichagua vyema. Mlima huu uko karibu mno na ikweta, hivyo ukuta wa kaskazini huwa mkavu kuanzia Juni hadi Oktoba, wakati ule wa kusini umeshika theluji. Mwaka ukigeuka, pande hizo hupokezana zamu.

Kupanda kulikwisha salama. Wakati wa kushuka, jiwe liling'oka na Judmaier akaporomoka nalo. Kamba ilimzuia asiende hadi chini, lakini mguu wake ulikuwa umevunjika vibaya, mfupa umetoboa ngozi. Daktari alikuwepo, tena alikuwa rafiki yake, ila asingeweza kumbeba mtu kwenye ukuta kama ule akiwa peke yake.

Waswahili wana methali kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Methali hiyo haisemi kama kufaa ni kubaki au kuondoka. Oelz angebaki, huenda baridi ingewamaliza wote wawili. Aliposhuka, ilimbidi amwache majeruhi kwenye ukingo wa mawe, bila uhakika wa kumkuta hai. Alishuka kutafuta msaada, kisha akapanda tena kumrudia mwenzake. Uaminifu wake ulianza kwa kugeuza mgongo.

Watu wawili wanaopanda mwamba kwa kamba moja hupeana zamu: mmoja anapanda, mwingine amekaa imara akimshikia kamba. Aliye juu haoni mikono ya aliye chini. Aristotle, alipoandika juu ya urafiki, alikumbusha msemo wa zamani wa Wagiriki kwamba watu hawajuani mpaka wawe wamekula chumvi pamoja. (Kwetu aliyekula chumvi nyingi ni mzee, na huenda misemo hii miwili haiko mbali sana, kwa kuwa yote inahesabu muda.) Kamba hufupisha muda huo. Eric Shipton na Bill Tilman, waliopanda Batian kwa ukingo wa magharibi mwaka 1930, waliaminiana roho zao kwa miaka mingi huku wakiitana kwa majina ya ukoo tu, kama makarani wa ofisi moja.

Lakini je, fundo la kamba ni kiapo kisichovunjika? Mwaka 1985, kwenye mlima Siula Grande huko Peru, Mwingereza Simon Yates alimshusha kwa kamba mwenzake Joe Simpson aliyevunjika mguu, usiku, ndani ya dhoruba. Simpson akaishia kuning'inia hewani chini ya genge. Yates, akivutwa kidogo kidogo kutoka kwenye theluji alipokalia, alitoa kisu akakata. Simpson alitumbukia kwenye ufa wa barafu, akanusurika, akajiburuta siku tatu hadi kambini. Watu waliokuwa wamekaa majumbani walimlaumu Yates, na aliyemtetea ni Simpson mwenyewe. Kwenye kamba ile, mwenye haki ya kusamehe alikuwa mmoja tu, naye alisamehe.

Wawili wanaweza kumalizana hivyo. Mlima Kenya ulikuwa na mtu wa tatu.

Habari ya Judmaier ilipofika chini, wapandaji wa kujitolea wa Mountain Club of Kenya walipanda kumfuata. Baba yake akafanya mpango, waokoaji wa Innsbruck wakaletwa kwa ndege. Rubani Mmarekani, Jim Hastings, alirusha helikopta yake kwenda kusaidia. Ikaanguka mlimani, naye akafa. Judmaier, baada ya zaidi ya wiki moja juu ya mwamba, alishushwa akiwa hai.

Injili ya Yohana, sura ya 15, inafundisha kwamba hakuna upendo upitao ule wa mtu kuutoa uhai wake kwa ajili ya rafiki zake. Hastings aliutoa wake akienda kumwokoa mtu ambaye hakufungwa naye kamba moja. Qur'ani, katika Sura al-Baqara, aya ya 195, inakataza watu kujitupa kwenye maangamizi kwa mikono yao, na wengi huikimbilia aya hiyo kuwasuta wapanda milima. Waisome yote: inazungumzia kutoa mali. Sahaba Abu Ayyub al-Ansari amepokewa akiwasahihisha waliotumia aya hiyo kumlaumu mtu shujaa. Maangamizi yaliyokusudiwa, alisema, ni kung'ang'ania mali na kuacha jihadi. Kwa maelezo hayo, rubani hayumo kabisa katika makatazo.

Na wale wawili? Hapa inafaa kutenganisha hatia na deni. Hatia hawakuwa nayo: jiwe halikung'oka kwa uzembe, na Hastings aliruka kwa hiari yake. Deni lilikuwepo, tena la aina mbaya, kwa sababu mdai amekufa. Anayesema kwamba roho yake ni yake na atakufa apendapo anasahau kwamba binadamu, wakisikia mtu ameumia huko juu, watakwenda. Huwezi kuwakataza, na ingekuwa dunia mbaya kama ungeweza. Oelz aliendelea kupanda. Mwaka 1978 alifika kileleni Everest, na alijulikana pia kwa kazi yake juu ya maradhi yanayowapata watu kwenye miinuko mikubwa. Kama hayo yalikuwa malipo, ni yeye anayejua.

Ewe unayejiandaa kwenda Batian na rafiki yako: pale langoni mwa hifadhi andika njia mtakayopita na siku mtakayorudi, kisha mrudi siku hiyo. Wapo watakaopanda kuwatafuta msipoonekana.