Mashindano Magumu na Mashindano ya Hila

Liko swali moja linaloonekana dogo, nalo laulizwa siku hizi na vijana wetu. Mtu akishindwa katika mchezo, kisha akakasirika kwa kuwa mchezo wenyewe si wa haki, je, hasira hiyo ni upumbavu mtupu, au ina neno la kweli ndani yake? Wazee wengi hujibu upesi. Husema, Asiyekubali kushindwa si mshindani. Tena husema, Mchagua jembe si mkulima. Mithali hizi ni njema, wala hatuzikatai. Lakini mithali haimwondolei mtu kazi ya kupima. Huenda siku moja jembe ni bovu kweli.

Mchezo wenyewe ni huu. Vijana wa Nyakakika, kama wenzao wa Kayanga na Omurushaka, waijua michezo ya mbio za motokaa ichezwayo katika kioo cha televisheni au cha simu. Mchezaji huendesha gari la picha, na magari mengine huendeshwa na mtambo wenyewe. Mara nyingi kijana hulalamika kwamba ameendesha vema tangu mwanzo, hakukosea kona hata moja, amewaacha wote mbali. Kumbe katika mzunguko wa mwisho gari lililokuwa nyuma likampita kama mshale. Mzee akisikia hayo hucheka. Walakini huenda kijana asema kweli.

Maana mafundi watungao michezo hii wana desturi ya siku nyingi, nayo hufananishwa na kamba ya mpira. Ni kana kwamba magari yote yamefungwa pamoja kwa kamba inayovutika. Mchezaji akitangulia sana, kamba huwavuta walio nyuma, wakapata mwendo uzidio nguvu za injini zao. Akichelewa sana, kamba huwazuia walio mbele, wakawa kama wanaomngoja. Katika mchezo uitwao Super Mario Kart, uliotolewa na kampuni ya Nintendo ya Japani mwaka 1992, madereva wa mtambo walikuwa na silaha zao za kutupa njiani zisizokwisha, hali mchezaji aliokota yake moja moja.

Tusiwahukumu mafundi kabla ya kusikia neno lao. Wao husema kwamba mashindano ambayo mshindi wake amekwisha kujulikana tangu mzunguko wa kwanza hayana ladha, na ya kuwa mchezaji dhaifu angekata tamaa upesi. Neno hili lina maana. Hata sisi, watoto wakishindana kukimbia, humpa aliye mdogo atangulie hatua kumi. Hakuna aiitaye hila, kwa sababu wote wameiona na wote wameikubali. Basi kosa si kumsaidia aliye nyuma. Kosa ni kumwambia mtu, “Shinda kwa ustadi wako,” hali ustadi huo umekwisha kufungwa kamba kwa siri.

Wala ugumu peke yake si dhuluma. Tutazame mashindano ya motokaa ya Afrika ya Mashariki, yaliyoanzishwa mwaka 1953 kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, nayo yakapita katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye yakaitwa Safari Rally. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, nayo yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu. Mwaka 1968 yaliondoka zaidi ya 90, na mara hiyo tena yakafika 7. Mvua, matope, mito iliyofurika na mawe viliyamaliza mengine yote. Hata hivyo mtu hawezi kusema kwamba madereva walidanganywa. Tope halikumngoja mmoja na kumwacha mwingine.

Tena tuangalie nani walioshinda. Nick Nowicki na Paddy Cliff walishinda mwaka 1963, na mwaka 1968, katika matope yale yale, wakashinda tena. Joginder Singh wa Kenya alishinda mwaka 1965, 1974 na 1976. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara 5: mwaka 1973, na kila mwaka tangu 1979 hata 1982. Ingekuwa njia ile yachagua mshindi kwa hila au kwa bahati tu, majina hayo yasingerudi hivyo. Ni kweli kwamba hata huko mwenye gari bora na mafundi wengi alikuwa na nafuu kuliko maskini. Lakini nafuu hiyo ilionekana na watu wote kabla ya kuondoka.

Hata bao latufundisha neno hilo. Kete ni 64, kila mchezaji ana 32, na mashimo yote yako wazi mbele ya macho. Mtu aweza kushindwa na bingwa siku nzima asipate hata mchezo mmoja, naye ataondoka na uchungu, lakini hatasema kwamba ameibiwa. Kesho atarudi, maana amejua mahali alipokosea.

Kwa mifano hii twaweza kupata alama tatu za mashindano ya haki, hata yakiwa magumu namna gani. Ya kwanza, sheria zake zajulikana na wote washindanao. Ya pili, sheria ni moja kwa wote; na kama mmoja amepewa nafuu, nafuu hiyo imetangazwa. Ya tatu, bidii yazaa matunda, yaani ajifunzaye zaidi husogea mbele zaidi. Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho habari za washindanao kwa mbio, aliwaandikia watu waliozijua mbio, maana karibu na mji wao yalifanyika mashindano ya Isthmia kila baada ya miaka miwili. Mfano wake wasimama juu ya alama hizi. Nani angejizuia na kujizoeza, kama mwendo wake ungepunguzwa kwa siri kila aongezapo juhudi?

Hapo ndipo jambo la mchezo linapogeuka kuwa jambo la maisha. Mkulima wa kahawa apalilie, apogoe, achume tunda jekundu tu, aanike kwa uangalifu. Kisha alete gunia lake penye mizani iliyochezewa. Amefungwa kamba ile ile ya mpira. Kadiri mavuno yake yanavyozidi, ndivyo mizani inavyomla zaidi. Hasara ya shilingi ni mbaya, lakini iko hasara kubwa kuliko hiyo, nayo ni fundisho liingialo moyoni mwake, kwamba bidii ni kazi ya wajinga. Aliyekwisha kuamini hivyo ama hulegea, ama hujifunza kutia mawe katika gunia. Ndiyo sababu dhuluma ndogo haibaki kuwa ndogo.

Lakini iko hatari ya upande wa pili, nasi tusiifiche. Moyo wa mtu hupenda kuita kila ugumu hila. Mwanafunzi asiyesoma asema mtihani ulikuwa wa uonevu. Mvivu asema shamba limerogwa. Tutatambuaje basi? Kwa kujaribu, si kwa kukasirika. Mwenye shaka na mizani huweka juu yake jiwe la kupimia ambalo uzito wake wajulikana. Vivyo hivyo kijana aendeshe polepole makusudi mzunguko mmoja, kisha upesi mzunguko wa pili, aone kama wenzake wa mtambo wabadili mwendo kwa kumfuata yeye. Wakibadili, lalamiko lake ni la haki. Wasipobadili, arudi kujifunza kona.

Na akiisha kujua kwamba mchezo ni wa hila, auweke chini bila majuto; hakuna sheria imlazimishayo mtu kushindana na mwongo kwa ajili ya kujifurahisha. Mizani haiwekwi chini hivyo, maana mkulima hana budi kuuza. Hapo yampasa aseme mbele ya wenzake, na wenzake yawapasa wasimcheke.

Kwa hiyo, wazazi, na ninyi walimu na wainjilisti, mtoto akiwajia na hasira akisema, “Si haki,” msimnyamazishe kwa mithali, wala msimwunge mkono kabla ya kupima. Mwulizeni: Sheria ulizijua? Zilikuwa moja kwa wote? Ulipoongeza bidii, ulisogea? Aliyezoea kujiuliza hayo juu ya gari la picha atajua namna ya kuyauliza siku atakaposimama na gunia lake mbele ya mizani, na hata siku ile mizani itakapokuwa mkononi mwake mwenyewe.